Swali Liwe Lao: Hotuba kwa Wanafunzi wa Masomo ya Wanawake Wanaokwenda Kufanya Utafiti na Mashirika

Mheshimiwa Mkuu wa Idara, walimu wenzangu, akina mama na akina dada mnaoongoza mashirika yaliyokubali kuwapokea vijana wetu, nanyi wanafunzi mnaokwenda: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Nilipoombwa kusema nanyi leo, jambo la kwanza lililonijia akilini lilikuwa kitabu cha wageni. Nilikuwa mwanafunzi kama ninyi, na nilikuwa nimefika asubuhi moja katika ofisi ya shirika dogo linalowasaidia wanawake kwenye mashauri ya talaka, matunzo ya watoto na mirathi. Mratibu alikuwa mama mtu mzima. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasogeza kitabu cha wageni ili nisaini. Kabla sijaandika jina langu akaanza kurudisha kurasa nyuma, taratibu, huku kidole chake kikishuka kwenye majina. Huyu alitoka chuo fulani. Huyu alikaa nasi miezi miwili. Huyu wanawake walimweleza mambo ambayo hata sisi hawajatueleza. Alihesabu wanafunzi 11. Halafu akainuka, akafungua kabati la nyaraka, akanionyesha rafu. Ripoti za shirika zilikuwapo, mafaili ya wateja yalikuwapo. Kazi ya hao 11 haikuwapo hata moja.

Hakuonyesha hasira. Aliniuliza tu, "Na wewe mwanangu, ukishamaliza, tutakuona tena?"

Nikasema ndiyo, upesi upesi. Sikujua uzito wa nilichoulizwa. Nimekuja kuujua baadaye, na ndiyo sababu nimesimama hapa.

Wahenga wetu wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashirika haya yamewafungulia mlango kwa tumaini hilo. Hayana watumishi wa ziada. Dada atakayekaa nawe saa mbili kukueleza kazi zao ni yule yule ambaye saa hizo angekuwa anamsindikiza mwanamke mahakamani au anapokea simu ya mtu aliyefukuzwa nyumbani usiku. Muda wanaokupa wanautoa kwa wanawake wanaowahudumia. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo nataka mlibebe, kabla ya mbinu za utafiti na kabla ya nadharia, ni hili: kile mnachokwenda kukitafuta, nani alikihitaji?

Turudi kwenye ofisi ile. Nilikuwa nimekwenda na pendekezo langu la utafiti, limeshapitishwa na msimamizi. Mada ilikuwa uwezeshaji wa wanawake na upatikanaji wa haki, na hojaji ilikuwa na maswali 40. Mama mratibu aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema maswali ni mazuri. Ila yeye alikuwa na swali moja lililomsumbua kwa muda mrefu. Mwanamke anakuja siku ya kwanza, anaeleza shida yake, wanamfungulia faili, wanampa tarehe ya kurudi. Wengi hawarudi. "Tunataka kujua kwa nini. Ukitusaidia hilo tu, umetusaidia."

Niwaambie ukweli: niliona swali hilo ni dogo. Kwangu lilifanana na kazi ya karani, si kazi ya mtu anayeandika tasnifu. Nikaomba nifanye yote mawili. Msimamizi wangu, ambaye nitamshukuru siku zote, akaniambia nichague, na kwamba nikichagua la kwangu nirudi nikamuage yule mama ana kwa ana. Nikachagua la kwake.

Nilianza na daftari la mahudhurio na fomu za mapokezi. Shirika halikuniruhusu kutoka na karatasi yoyote, nami nilikubali. Nilikaa kwenye meza ya pembeni, naandika namba bila majina. Baada ya siku kadhaa nikaona kitu kisicho cha kawaida. Wanawake walioacha nafasi ya namba ya simu wazi walirudi zaidi kuliko walioijaza. Nilidhani nimekosea kuhesabu. Nikahesabu upya, matokeo yakawa yale yale. Mtu angetarajia kinyume chake, kwa sababu ofisi ilikuwa na utaratibu wa kuwapigia waliojaza namba ili kuwakumbusha tarehe.

Sasa nikataka kuwauliza wale wasiorudi. Namba zao zilikuwa mbele yangu. Wanawake wa kujitolea waliokuwa pale, ambao wenyewe walishawahi kuwa wateja, walinizuia kabisa. Walisema usimtafute mtu kwake, usimpigie. Subiri. Wapo wanaorudi baada ya mwaka kwa shida nyingine, wapo wanaomleta jirani au shoga. Hao utazungumza nao hapa hapa, wakitaka. Nilisubiri wiki nyingi, nikaona muhula unaniishia mikononi. Lakini waliokuja walikuja, na mmoja baada ya mwingine wakaeleza jambo lile lile. Simu ya kukumbushwa tarehe haikupokelewa na wao. Ilipokelewa na mume, au mama mkwe, au kaka. Na mpigaji, kwa adabu kabisa, alijitambulisha kwa jina la shirika.

Wema wa ofisi ndio uliokuwa ukiwafungia wanawake mlango.

Fomu ilibadilishwa mwezi ule ule. Palipokuwa na nafasi ya namba ya simu pakawekwa maswali matatu: tukupigie au tusikupigie; simu hii inashikwa na nani mwingine; tukipiga, tujitambulishe kwa jina gani. Katika kazi zangu zote, zikiwemo zilizochapishwa, hakuna ninayoithamini kuliko mistari ile mitatu kwenye fomu ya mapokezi.

Naomba msinielewe vibaya. Sisemi nadharia muiache chuoni. Bila darasa nisingeliona jambo hilo nilipoliona. Masomo ya wanawake ndiyo yaliyonifundisha kwamba kitu kilichomo ndani ya nyumba si lazima kiwe cha wote waliomo. Kwamba lazima uulize nani anakimiliki, nani anakishika, nani anaomba ruhusa. Kwa miaka mingi tafiti zilimhesabu mkuu wa kaya zikaamini zimewahesabu watu wote wa kaya, na wanazuoni wanawake ndio waliotuonyesha kosa hilo. Nilichokuwa sikijui ni mahali pa kuielekeza elimu hiyo. Swali la mama mratibu ndilo lililonionyesha mahali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sikuwahi kulala kitanda kile.

Tena kazi hii mnayokwenda kuifanya ina nasaba ndefu, ndefu kuliko idara zetu. Mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull House katika mtaa wa wahamiaji mjini Chicago, wakaishi humo. Wakazi wa nyumba ile walishiriki katika kukusanya, nyumba kwa nyumba, habari za mishahara na hali ya makazi, na mwaka 1895 wakachapisha ramani za rangi zilizoonyesha kipato cha familia za mtaa wao wenyewe. Mmoja wao, Florence Kelley, alikusanya habari za kazi za wanawake na watoto viwandani, na mwaka 1893 jimbo la Illinois lilipopitisha sheria ya viwanda yeye ndiye aliyeteuliwa kuwa mkaguzi mkuu. Wale walikuwa wakazi. Waliuliza wanachohitaji kukijua ili wapate cha kudai.

Ama mwaka 1969, mjini Boston, kundi la wanawake walikutana kwenye warsha wakaanza kusimuliana jinsi madaktari wanavyowatendea. Hawakuwa wataalamu wa tiba. Waligawana mada, kila mmoja akaenda kusoma na kuuliza, akarudi kuwaeleza wenzake, wenzake wakasahihisha kwa yale yaliyowapata wenyewe. Mwaka 1970 wakatoa kijitabu cha bei nafuu juu ya miili ya wanawake, na kijitabu hicho kikakua kuwa kitabu kilichosomwa katika nchi nyingi. Mwaka huo huo wa 1970 Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego kilianzisha programu ya masomo ya wanawake inayotajwa kuwa ya kwanza Marekani. Tazameni tarehe hizo mbili zilivyo pamoja. Fani hii ilizaliwa na wanawake waliokuwa nje ya chuo wakidai kitu, na mnapokwenda kwenye mashirika leo mnarudi nyumbani kwa wazazi wa fani yenu.

Na lugha yetu ya Kiswahili ina haki yake katika historia hii. Utafiti shirikishi, kama unavyoitwa, ulipata sehemu ya malezi yake Tanzania katika miaka ya 1970. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini, alifanya kazi na wanafunzi na wanavijiji wa pwani, wanawake wakiwemo, kwa msimamo kwamba mwanakijiji ni mtafiti mwenza. Katikati ya miaka hiyo mradi mmoja wa namna hii ulifanyika Bagamoyo, nao ukapewa jina la Jipemoyo. Ni miaka hiyo hiyo ambapo Orlando Fals Borda na wenzake wa Kolombia walikuwa wakijenga utafiti-tendaji wao, yaani utafiti unaokwenda pamoja na kuchukua hatua, na mwaka 1977 watafiti wa mwelekeo huu kutoka nchi mbalimbali wakakutana Cartagena. Mtu akiwaambia kwamba utafiti wa namna hii ni mtindo mpya, mwelezeni.

Sasa nije kwenye ridhaa, na hapa nitakaa kidogo.

Ninyi nyote mna kibali cha kamati ya maadili. Mna fomu ya ridhaa yenye aya nzuri. Lakini mfikirie mwanamke anayelala katika nyumba salama ya shirika, yeye na watoto wake, hana pengine pa kwenda. Anaambiwa na mlezi wa nyumba, "Kuna mwanafunzi anataka kuzungumza nawe, ni hiari yako." Je, ni hiari yake? Anayemuuliza ndiye anayemlaza na kumlisha. Atasaini, atajibu, na fomu itakuwa sahihi kwa kila kipimo cha kamati. Ndiyo maana nawaomba msiruhusu anayetoa huduma awe ndiye anayewaitia wahojiwa. Tafuteni njia ambayo mwanamke anaweza kukataa pasipo mtu yeyote wa shirika kujua kwamba amekataa. Ombi hili ni gumu na litawapunguzia sampuli. Kubalini ipungue.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 mwongozo wa maadili na usalama kwa utafiti juu ya ukatili wa majumbani, na kila atakayegusa mada hiyo ausome kabla ya kuondoka. Unaanza na usalama: wa wanaohojiwa na wa watafiti, kabla ya jambo jingine lolote. Unaagiza katika tafiti za kaya ahojiwe mwanamke mmoja tu kwa kaya, ili asiwepo mwingine ndani anayejua alichoulizwa mwenzake. Unataka wahojaji wafundishwe mahususi na wawe na mahali pa kupata msaada wao wenyewe, na kwamba anayehitaji huduma aelekezwe inakopatikana. Hilo la watafiti kupata msaada msilipite haraka. Mtasikia mambo mazito. Mtakwenda nayo kulala. Pangeni tangu sasa ni nani mtakayezungumza naye kila wiki, msimamizi au mwenzako, na mzungumze kweli, bila kutaja majina ya wahojiwa.

Jambo jingine linalowapata wanafunzi wengi ni kuchanganya shirika na jamii. Shirika lina bodi, lina wafadhili, lina mkurugenzi, lina wanaosikika na wasiosikika. Wanawake watakaoletwa mbele yenu siku ya kwanza ni wale wanaojua kuzungumza na wageni. Nawaheshimu sana, na wana mengi ya kusema, lakini yupo aliyekaa nyuma, ambaye hakuwahi kupewa nafasi, labda kwa sababu ni kijana mno, au ana ulemavu, au haongei lugha ya wengi, au kazi yake inaonewa aibu. Kukaa sana mahali, kufagia pamoja, kupanga viti na kuvikunjua, ndiko kunakomfikisha mtu kwa huyo aliyekaa nyuma. Hakuna hojaji itakayokufikisha.

Caroline Wang na Mary Ann Burris walipofanya kazi na wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, katika miaka ya 1990, waliwapa kamera. Wanawake wakapiga picha za maisha na kazi zao, wakakaa pamoja kuzijadili, wakazionyesha kwa viongozi. Wengine hawakujua kusoma wala kuandika, na utafiti haukuwahitaji wajue. Naitaja njia hii kwa sababu inaondoa kalamu mikononi mwa mtafiti kwa muda, na muda huo ndio mtakaojifunza zaidi. Ila kamera nayo ina hatari zake: picha ya uso wa mtu inaweza kumfikia anayemkimbia. Wekeni masharti pamoja nao kabla picha ya kwanza haijapigwa.

Na mkikuta jambo lisilopendeza je? Mkikuta kwamba shirika lililowapokea linawakaripia wanawake, au linawapa zamu ndefu wanaojitolea pasipo kuwapa nauli? Nimeona wanafunzi wakilificha jambo kwa kuogopa kuonekana wasio na shukrani, na nimeona wengine wakiliweka kwenye tasnifu na shirika likalisoma humo kwa mara ya kwanza. Njia zote mbili zinaumiza. Kaeni na uongozi wiki ya kwanza, mkubaliane kwa maandishi: yakitokea ya namna hii, shirika litayasikia kwanza wapi, nani atakuwapo, litapewa muda gani kujibu, na lipi litabaki bila kufutwa hata kama halipendezi. Waraka wa kurasa mbili unatosha. Katika waraka huo huo andikeni nani atahifadhi kanda za mahojiano, nani atazifuta na lini, na majina ya nani yatakuwa kwenye kazi ikichapishwa. Watu wa San wa Afrika Kusini walitoa mwaka 2017 kanuni zao wenyewe za maadili kwa watafiti, baada ya kuchoshwa na watafiti wanaokuja, wanachukua na kupotea. Wanataka heshima, uaminifu, haki na kujali, na wanataka taratibu zao zifuatwe. Jamii nyingi hazijaandika kanuni zake, lakini zinazo. Ulizeni.

Nimebakiwa na kurudisha matokeo. Tasnifu iliyofungwa kwa jalada gumu, iliyoandikwa kwa lugha ya wasahihishaji, haijarudishwa hata ikiwekwa mezani kwa mkurugenzi. Mimi nilirudi kwenye ofisi ile na karatasi nne, kwa lugha wanayoongea, na jedwali moja. Tulikaa kwenye mikeka, wanawake ishirini na kitu, nikasoma kwa sauti. Nilipofika kwenye safu niliyoiita "wasiorudi", mama mmoja akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, hapo umeandika kama vile tulikataa. Tulizuiwa." Akanyamaza. Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Nilikuwa nimemaliza kuandika, tarehe ya kuwasilisha imefika, na neno moja lilikuwa limeubeba utafiti mzima upande usio wake. Nilibadilisha jedwali, nikabadilisha sura ya nne, nikabadilisha kichwa cha tasnifu. Nilichelewa kuwasilisha kwa majuma matatu. Ndiyo maana nasema kikao cha kurudisha matokeo kifanyike kabla ya kuwasilisha, wakati neno la mtu bado lina nafasi ya kuingia. Walimu wenzangu, naomba kalenda zetu ziwape nafasi hiyo. Miezi mitatu ya muhula ni muda wetu sisi. Mashauri ya wanawake hayaendi kwa mihula, na nisingependa tuwapime vijana kwa ratiba inayowalazimisha kuwa jina la 12 kwenye kitabu cha wageni.

Mezani pale nyuma kuna bahasha, moja kwa kila shirika. Ndani ya kila bahasha kuna karatasi moja tu, ambayo viongozi wa shirika wameandika kwa mkono wao jambo wanalotaka kulijua. Hatukuyahariri maswali yao, hata palipokuwa na makosa ya tahajia. Chukueni bahasha za mashirika mliyopangiwa, mzisome sasa hivi, kisha mwende mkakae na waandishi wenyewe. Wako hapa, safu ya pili na ya tatu, na wamekubali kubaki hadi saa saba.